Somo la Sita: Traiki ya Kuteleza na Spea za Bei Nafuu

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia vyombo ambavyo mlaji huvinunua vikiwa kamili, vimo ndani ya maboksi na vimeambatana na maelezo ya mtengenezaji. Somo hili linahusu chombo cha namna nyingine. Hakipatikani dukani, bali huundwa na mlaji mwenyewe, au na fundi wa mtaani kwa agizo lake, kwa kuunganisha vipande vilivyonunuliwa huku na huko. Hapo mlaji hugeuka kuwa mtengenezaji, na maswali ambayo kwa kawaida angemuuliza muuzaji inambidi ajiulize yeye mwenyewe.

Chombo chenyewe ni traiki ya kuteleza. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, yenye kiti kilicho chini sana. Gurudumu la mbele ni la baiskeli ya kawaida, nalo lina tairi linaloshika barabara. Magurudumu ya nyuma ni madogo, na juu ya tairi zake yamevishwa pete za plastiki ngumu ili yasishike. Mwendeshaji hushuka nayo mteremko, na anapokata kona sehemu ya nyuma huteleza kando ilhali ya mbele inaendelea kumwongoza. Utamu wote wa mchezo umo katika mtelezo huo.

Mbegu yake ni ya zamani kiasi. Mwaka 1969 kampuni ya Louis Marx ya Marekani ilianza kuuza kibaiskeli cha watoto cha plastiki kilichoitwa Big Wheel, na watoto hawakuchelewa kugundua kwamba magurudumu ya plastiki huteleza vizuri kuliko yanavyoshika. Baadaye watu wazima walikiiga kwa vyuma, na New Zealand ni miongoni mwa nchi ambako mchezo huo ulistawi. Kwetu umeingia kwa njia ya video za simu, lakini haukukuta uwanja mtupu. Kijana aliyekulia katika miji ya vilima kama Mwanza, Mbeya au Lushoto anavijua vigari vya mbao vinavyotembea juu ya beringi chakavu. Fundi anayeunda guta la kubebea mizigo anajua tayari nusu ya kazi hii. Mjini Goma, mashariki ya Kongo, watu wazima hushuka miteremko juu ya chukudu za mbao, tena na magunia juu yake.

Kwa hiyo hatuandiki somo hili ili kumkataza mtu. Kijana anayejifunza kupima, kukata, kuchomelea na kufunga nati anapata elimu ambayo wengine huilipia ada. Tunachotaka kumwonyesha, pamoja na mzazi anayetoa fedha, ni mahali anapoweza kubana matumizi na mahali ambapo kubana huko kunaweza kumgharimu mguu au kichwa. Spea hazilingani. Zipo zinazobeba tu, na zipo zinazosimamisha. Kwa zile zinazobeba, chakavu iliyokaguliwa inatosha. Kwa zile zinazosimamisha na kuongoza, chakavu ni ghali hata ikitolewa bure.

Tuanze na mwendo wenyewe, kwa kuwa wengi huukadiria chini ya ulivyo. Chombo kinachoshuka bila kuzuiliwa hupata kasi kutokana na kimo cha mteremko, wala si urefu wake. Mteremko unaoshuka mita 5 kwa wima, yaani kimo kinachokaribia nyumba ya ghorofa moja, unaweza kukipa chombo kasi ya kilomita 35 kwa saa. Ukishuka mita 10, kasi hukaribia kilomita 50. Msuguano na upepo hupunguza kiasi fulani, lakini hazipunguzi kiasi cha kumfariji mzazi. Hiyo ni kasi ya bodaboda, na mwenye kuipata amekaa chini, miguu mbele, hana taa wala honi, na dereva wa lori hamwoni kirahisi kutoka juu. Isitoshe, magurudumu mawili kati ya matatu yamevishwa plastiki kwa makusudi ili yasishike. Kinachobaki kumsimamisha ni gurudumu la mbele peke yake.

Hapo ndipo fedha iende kwanza. Gurudumu la mbele, uma unaolishika, ambao mafundi huuita foku, na breki yake ni kitu kimoja kwa hesabu yetu. Tunashauri sehemu hii itoke katika baiskeli moja, ikiwezekana ya inchi 20, ikiwa nzima pamoja na shingo ya fremu, bila kukatwa wala kuchomelewa popote kati ya usukani na ekseli. Fundi akate fremu nyuma ya shingo na aunganishe mkia wa traiki hapo, lakini asiiguse foku. Foku iliyowahi kuvunjika ikachomelewa isinunuliwe kwa bei yoyote.

Ukaguzi wa foku iliyotumika hauhitaji mashine. Iondoe gurudumu, uilaze juu ya meza iliyonyooka au kioo cha dirisha, na utazame kama miguu yake miwili inalala sawa. Pitisha kidole chini ya pale miguu inapoungana na shingo. Ukihisi mawimbi madogo au ukaona rangi imepasuka kwa mistari myembamba, foku hiyo imekwisha kugonga kitu na chuma chake kimechoka. Rangi mpya inayong'aa juu ya spea ya zamani haimaanishi matunzo. Mara nyingi imewekwa ili usione kilicho chini yake, basi omba ruhusa ya kukwangua kidogo, na muuzaji akikataa umekwisha kupata jibu.

Kuhusu ringi, tazama limetengenezwa kwa madini gani. Baiskeli nyingi za zamani zina ringi za chuma zilizopakwa kromu. Hudumu miaka mingi na hustahimili mashimo, lakini raba za breki hazizishiki vizuri zikilowa maji. Ringi la alumini hushikwa vizuri zaidi. Sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika, itakuonyesha tofauti mara moja, kwa kuwa hainasi kwenye alumini. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni ringi la chuma linavumilika. Kwa chombo chenye breki moja ya kutegemewa, hatulishauri.

Mlaji hupoteza fedha nyingi pia katika vipimo. Neno “size 20” halitoshi. Zipo ringi zaidi ya aina moja zinazoitwa inchi 20, na tairi la moja halikai juu ya nyingine. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tairi la 20 x 1.75 huwa na namba 47-406, na aina moja ya tairi la 20 x 1 3/8 huwa na namba 37-451. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa juu ya ringi. Iwapo namba hiyo hailingani na ya ringi, hakuna nguvu ya mkono wala ya bisibisi itakayolifanya liingie, na likilazimishwa huchomoka likiwa kwenye kona. Iandike namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, na umsomee muuzaji namba badala ya kumwonyesha ukubwa kwa mikono.

Raba za breki, waya wake na ala yake vinunuliwe vipya. Ni vitu vidogo kwa bei, na havina sababu ya kutafutwa kwenye lundo la chakavu. Waya ukiwa na uzi mmoja tu uliokatika karibu na mkono wa breki, usiutumie. Mwenye uwezo aongeze breki ya pili inayojitegemea, yenye mkono na waya wake, ili moja ikikatika asibaki kuomba dua.

Sasa tugeukie nyuma, ambako mlaji anaweza kupumua. Traiki za nchi za nje hutumia magurudumu ya vigari vya mashindano, na hayo kwetu ni adimu na ghali. Mbadala unaopatikana katika maduka ya vifaa ni gurudumu la toroli la kusukumia mizigo, lile lenye tairi la upepo la kipimo cha 4.10/3.50-4, ambalo kipenyo chake ni kama sentimita 25. Ni rahisi kupatikana na lina nafasi ya beringi tayari. Lakini lilitengenezwa kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hulizungusha gurudumu hilo mara 106 hivi kwa dakika. Traiki inayoshuka kwa kilomita 36 kwa saa hulizungusha zaidi ya mara 750. Kwa sababu hiyo beringi za kiwandani zilizokuja nalo, ambazo mara nyingi ni hafifu, ziondolewe na kuwekwa nyingine bora.

Beringi nazo zina lugha yake, na kuijua kunamwepusha mlaji na safari za bure. Katika namba kama 6202, tarakimu mbili za mwisho hueleza ukubwa wa tundu. 02 ni milimita 15 na 03 ni milimita 17. Kuanzia 04 unazidisha kwa tano, hivyo 6204 ina tundu la milimita 20. Herufi 2RS humaanisha imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, na ZZ humaanisha imefunikwa kwa bati. Kwa vumbi la barabara zetu tunapendelea ya mpira. Beringi bandia zipo nyingi sokoni. Ishike tundu lake kwa vidole, uizungushe, na usikilize. Inayokwaruza ikiwa mpya haitapona ikiwa kazini. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi, kwa maana boksi huchapwa kwa bei ndogo kuliko beringi.

Ekseli ya nyuma iwe chuma kizima kinachoendana na tundu la beringi. Wapo wanaotumia bomba la maji kwa kuwa lipo uani, nalo hupinda siku ya kwanza traiki inapopanda tuta.

Magurudumu mengi ya toroli yana ringi la vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti. Usifungue bolti hizo kabla ya kutoa upepo wote. Tunasisitiza jambo hili kuliko mengine yote ya karakana, kwa sababu anayesahau hapati nafasi ya kujirekebisha. Vipande hivyo hutengana kwa kishindo na huruka kuelekea usoni mwa aliyeinama.

Pete ya plastiki hukatwa kutoka kwenye bomba. Tairi hutolewa upepo, huingizwa ndani ya pete, kisha hujazwa tena hadi libane. Kwa kuwa pete inashikwa na mbano huo tu, kipenyo cha ndani cha bomba kipimwe kwa rula pale dukani, gurudumu likiwa mkononi. Mabomba mepesi ya maji machafu hayafai, kwa maana ukuta wake ni mwembamba na hupasuka. Chukua bomba la shinikizo, na ukumbuke kwamba kwa kipenyo kilekile cha nje, namba ya PN inapokuwa kubwa ukuta huwa mnene zaidi. Mabaki ya mafundi bomba, vipande vya nusu mita ambavyo hawana kazi navyo, yanatosha kabisa, na hapa ndipo bei nafuu ilipo halali. Plastiki nyeusi ya HDPE huvumilia kugongwa kuliko PVC, ambayo ikivunjika huacha ncha kali. Usiipashe PVC juu ya moto ili kuilainisha. Moshi wake una asidi inayounguza macho na mapafu, na jiko la mkaa halina kipimo cha kukuambia umevuka. Pete huliwa na lami, hivyo ipimwe unene kila baada ya siku ya mchezo, na ibadilishwe kabla tairi halijaonekana.

Mkia wa fremu na kiti ndizo sehemu za kuokoa fedha. Kiti cha plastiki kilichovunjika miguu, mabomba ya kitanda cha zamani, na vyuma vya dirisha vilivyobaki baada ya ujenzi vyote vinaweza kupata kazi ya pili, mradi havijaliwa na kutu kwa ndani. Gonga bomba kwa nyundo ndogo. Zima hulia, na lililoliwa hutoa sauti ya kopo. Jihadhari na bomba la maji lililopakwa zinki. Linapochomelewa, zinki huungua na kutoa moshi mweupe ambao humletea fundi homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, na wengi hudhani ni malaria. Zinki iondolewe kwa grenda sehemu yote inayochomelewa, na kazi ifanyike mahali pa wazi.

Bolti zinazoshika kiti na mkia ziwe na alama ya 8.8 kichwani. Bolti laini isiyo na alama hufanana nayo kwa macho na hutofautiana nayo siku ya mshtuko. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko, nazo zikishafunguliwa mara kadhaa zibadilishwe.

Tuje kwenye makubaliano, kwa kuwa traiki nyingi hazizaliwi na kijana peke yake bali na kijana pamoja na fundi. Maneno ya kawaida ni haya: “Kaka, nitengenezee kama hii,” na simu inaonyeshwa. Fundi anaitikia, bei inatajwa, na hakuna aliyesema chombo kitashuka wapi, kitabeba mtu wa uzito gani, wala nani atalipia mshono ukiachia. Andikeni. Karatasi moja inatosha, ikiwa na orodha ya spea na nani anazileta, kazi ya fundi, matumizi ya chombo kwa maneno ya wazi, siku ya kukabidhi, na muda ambao fundi atarekebisha mshono wowote utakaopasuka bila malipo mengine. Iwapo mwenye chombo hajatimiza miaka 18, mzazi au mlezi ndiye atie sahihi.

Kutaja matumizi kuna uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha muuzaji kusudi la bidhaa na kuonyesha kwamba anautegemea ujuzi wake, na bidhaa yenyewe ni ya aina anayoiuza katika biashara yake, huchukuliwa kuwa lipo sharti kwamba bidhaa ilifae kusudi hilo. Kumwambia muuzaji “nataka foku ya traiki ya kushukia mteremko” si sawa na kumwambia “nataka foku”. Lakini sheria hiyohiyo ina upande wa pili. Mnunuzi aliyekwisha kuikagua bidhaa hawezi kulalamikia ubora wake kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Foku iliyopinda waziwazi, ukaitazama, ukalipa, ni yako. Ndiyo maana tumetumia kurasa hizi kueleza namna ya kutazama.

Vilevile Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Beringi bandia kuuzwa kwa jina la kampuni nyingine, au spea iliyotumika kupakwa rangi na kuuzwa kuwa mpya, ni mambo ya kulalamikiwa. Maneno yaliyopigwa mhuri kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hayampi mtu ruhusa ya kudanganya.

Traiki ikikamilika, isipelekwe kilimani siku hiyohiyo. Watu wazima wawili waikalie na kuitikisa, kisha mishono itazamwe kwa tochi, mmoja baada ya mwingine. Gurudumu la mbele linyanyuliwe na kuzungushwa, breki ibanwe, na gurudumu lisimame papo hapo. Jaribio la kwanza lifanyike mahali tambarare kwa kusukumwa, na la pili kwenye mteremko mfupi unaoishia kwenye eneo pana lisilo na gari. Barabara ya umma si mahali pake, hata alfajiri, hata kama rafiki amesimama kwenye kona akipunga kitambaa. Kofia ngumu inunuliwe mpya na yenye alama ya ubora, kwa sababu ya mtumba huenda ilikwisha kufanya kazi yake kichwani mwa mtu mwingine na ufa wake hauonekani. Viatu vifunike vidole. Miguu imo kando ya gurudumu linalozunguka, na ndala hazina la kusaidia hapo.

Mlaji mwenye malalamiko juu ya spea iliyomdhuru au iliyouzwa kwa udanganyifu aje na spea yenyewe ikiwa kama ilivyovunjika, bila kuisafisha, kuinyoosha wala kuichomelea tena, kwa kuwa sura ya mpasuko hueleza kama chuma kilikuwa kibovu tangu awali. Aje pia na risiti, au, iwapo alinunua kwenye chakavu pasipo risiti, na ujumbe wa malipo ya simu unaoonyesha tarehe na kiasi, pamoja na ile karatasi ya makubaliano na fundi.